Nilishika Ncha ya Futi

6 Februari

Kwako Mama Mdogo,

Ni mimi niliyemwambia dalali kwamba tunahama. Naanza na hili kabla ya salamu kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitasalimia ukurasa mzima, karatasi itaisha na nitakuwa sijasema. Hakuna mtu mwingine niliyemwambia. Mama hajui.

Sasa shikamoo. Hujambo? Mguu wako unaendeleaje, bado unavimba ukisimama tangu asubuhi? Sisi huku tu wazima. Mama alishikwa na kikohozi cha vumbi tulipofika, lakini kimepungua.

Nikueleze ilivyokuwa. Ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Mama alikuwa amekwenda kununua zipu, mimi nimekaa kwenye ngazi ya mlango nafumua mshono wa gauni la yule mwalimu aliyenenepa. Dalali akaja na mwanamume mwenye miwani. Akasema, "Binti, nasikia mnahama." Unajua nilivyo. Mtu mzima nisiyemzoea akiniuliza kitu, kichwa changu kinaitikia chenyewe. Shuleni walimu walidhani naelewa hesabu zote kwa ajili ya hicho kichwa, mpaka matokeo yalipotoka. Nikaitikia. Tena niliona si uongo, maana tulikuwa tunahama kweli, ila ilikuwa iwe katikati ya mwaka, mimi na mama na wewe, lori moja.

Akauliza, "Mwezi ujao, siyo?" Nikaitikia tena. Kusema hapana kungehitaji maelezo, na watu wawili walikuwa wananitazama. Akaomba amwonyeshe mgeni wake chumba. Nikasogeza miguu wapite. Yule wa miwani akatoa futi, akawa anatafuta mtu wa kumshikia upande wa pili. Nikashika. Mama Mdogo, nilishika ncha ya futi kuta zote nne, nikiwa sina wazo jingine ila waondoke upesi. Mama aliporudi na zipu zake sikusema kitu. Nilijiambia walikuwa wanatazama tu.

Notisi ilipokuja iliandikwa "kwa kuwa mmeeleza wenyewe nia yenu ya kuhama." Mama aliisoma mara mbili, akasema yuko mtu mmoja tu duniani anayejua habari hizi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na pasi ya moto mkononi. Kisha akavuka ua kuja saluni kwako. Mimi nilibaki mlangoni. Nilisikia "umeniuza," nikasikia "kwa ajili ya ukuta," nikajua anautaja ule utani wako kwamba siku tukiondoka utabomoa ukuta uongeze viti vingine vitatu vya kuoshea nywele. Wateja wako watatu waligeuza shingo kutazama. Nilikuwa na nafasi ya kuvuka ua pia. Ni hatua kumi na mbili.

Mama amefuta namba yako kwenye simu, ndiyo maana naandika. Na hata ningekuwa na simu yangu, ningekupigia nikanyamaza. Nimepata kazi kwenye duka la kutoa kopi, karibu na kituo cha mabasi. Ukitaka kujibu, peleka barua kaunta ya vifurushi vya basi uandike jina la duka nililoandika nyuma ya bahasha hii. Usipotaka, nitaelewa.

Mwanao,
Bi Kimya


19 Februari

Mwanangu Bi Kimya,

Marahaba. Mimi mzima, mguu nao unakusalimu, unasema una siku nyingi haujaona mtu wa kuuletea beseni la maji ya chumvi. Nashukuru kusikia mmefika salama. Kikohozi cha mama yako asikibeze, amezoea kusema si kitu mpaka kiwe kitu.

Barua yako niliifungua nikiwa na kichwa cha mteja mikononi. Nilikosea. Mstari wa katikati ulikwenda kama njia ya mtu aliyelewa, na mwenye kichwa ameondoka amejifunga kitambaa.

Nilikasirika, mwanangu. Siku mbili nilikuwa nakugombeza nikifagia, nakugombeza nikipika, mpaka jirani akauliza nina mgeni gani. Miaka kumi na mmoja nimekaa na mama yako ua mmoja. Nguo niliyovaa kwenye harusi ya kaka yangu aliishona yeye, wewe nilikusuka siku ya kwanza ya shule. Halafu anasimama mlangoni kwangu mbele ya watu watatu ananiita muuza watu. Mmoja wa wale watatu harudi tena. Mwingine anarudi kila wiki, na kila akirudi ananiuliza, "Hivi ilikuwaje ule ugomvi?"

Siku ya tatu hasira ikapungua, nikaanza kukuona umeshika ile futi. Nikacheka. Usifikiri nilicheka kwa furaha, lakini nilicheka.

Sasa nikwambie jambo usilolijua. Dalali huyo alipita kwangu Alhamisi hiyohiyo. Akaniambia, "Nasikia unahama." Nikamwambia nami nasikia wewe ndiye unayehama, tena sasa hivi, na viatu vyako vyenye tope. Alikuwa hajasikia lolote kwa mtu. Anauliza hivyo kila mlango, anangoja mmoja uitikie. Wewe una miaka kumi na minane, yeye ana miaka ishirini katika kazi hiyo. Kosa lako haliko kwenye ngazi ya mlango. Liko kwenye zile hatua kumi na mbili, na umelisema mwenyewe, kwa hiyo sina la kuongeza.

Habari za huku ni kwamba kodi imepanda tena. Kuanzia Aprili siwezi. Kwa pesa ninayolipia chumba hiki kimoja, huko kwenu naambiwa mtu anapata fremu ya biashara na pa kulala na bado anabaki na ya sabuni. Wewe unakumbuka tulivyopanga: fremu mbili zilizopakana, cherehani upande mmoja na nywele upande wa pili, mteja akingojea gauni anasukwa, akingojea kukauka anapimwa. Mama yako alikuwa ameshachora na kibao cha mlangoni.

Kaka yangu naye ananiita kwake. Mkewe amejifungua mapacha na wanataka mtu. Najua maana yake. Nitakuwa shangazi wa kulea na kufua, na mikono yangu hii itasahau kazi. Amenipa mpaka mwisho wa Machi nimjibu. Nitamjibu nini? Siwezi kuhamia mji ambao mtu pekee ninayemjua humo ananiona msaliti.

Mwambie mama yako. Sikuombi kitu kingine.

Mama yako mdogo,
Msusi


27 Februari

Kwako Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na mguu haujambo. Sisi wazima. Nilisoma barua yako chooni dukani, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kusomea, nikakaa mpaka mwenye duka akagonga kuuliza kama naumwa.

Sijamwambia. Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza niliamka mapema nikamchemshia chai, nikasema, "Mama, kuna kitu." Akasema, "Najua, gesi imekaribia kuisha." Nikasema ndiyo. Mara ya pili nilisema, "Mama, unamkumbuka Mama Mdogo?" Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio la cherehani. Akasema, "Nimkumbuke kwani amekufa?" akaendelea kushona. Mara ya tatu sikufungua mdomo kabisa, nilisimama tu, akanipa taka nikamwage.

Kazini nako kichwa kimeniponza. Mzee mmoja alitaka kopi ishirini za barua ya mkutano. Aliponiuliza, "Mia mbili umesikia?" alikuwa ananitania kwa sababu sikuwa namjibu. Nikaitikia. Alirudi akakuta mia mbili, zimepangwa vizuri. Mwenye duka alisema nina bidii ya kukosea.

Kila tulichosikia kuhusu mji huu ni kweli, ndicho kinachoniuma. Barabara ni pana, maji yanatoka kila siku. Tuna vyumba viwili, na cha kwangu kina dirisha linalofunguka mpaka mwisho. Mwenye nyumba alicheka mama alipomuuliza kama kivuli cha ukuta nacho kinalipiwa. Lakini mama amegeuza meza yake ya kukatia, anafanya kazi mgongo ukiwa mlangoni. Unakumbuka kule alivyokaa, anaona ua wote, anajua nani amepita na amevaa nini na kimemkaa vibaya wapi. Huku anashonea mfanyabiashara mmoja kola za sare za shule. Kola tu. Mtu mwingine anashona mikono, mwingine mifuko. Hajapima mwili wa mtu tangu tufike. Hana wa kumwambia avute pumzi.

Fremu ya pembeni bado iko tupu. Wiki iliyopita mwenye nyumba alimuuliza kama anajua mtu wa kuichukua. Mama akasema, "Yupo." Kisha akasema hapana, hayupo, alikuwa anafikiria mtu mwingine.

Mama Mdogo, je, huwezi kumwandikia wewe? Wewe unajua kusema. Mweleze kuhusu dalali na kila mlango. Ukitaja jina langu katikati haitaniuma, naapa. Mimi nitakuwa chumbani wakati anasoma.

Mwanao,
Bi Kimya


8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Hapana, sitamwandikia.

Nikimwandikia mimi, atasoma barua ya mtu anayejitetea. Atasema nimepata habari za dalali wapi, kwa nini nimekaa nazo miezi mitatu, na kwa nini nimemsingizia mtoto wake asiyejua hata kugombana na kuku. Ukimwambia wewe, hana la kuuliza. Na kuna sababu nyingine. Nilipokuwa na umri wako nami niliitikia kitu nisichokitaka, nikaolewa nacho. Ilinichukua miaka sita kusema hapana moja. Sitaki wewe uchukue sita.

Huhitaji kusema vizuri. Sema vibaya, lakini sema. Nina wiki tatu.

Barua zako nimeziweka ndani ya kopo la vibanio, hakuna anayelifungua zaidi yangu.

Mama yako mdogo,
Msusi


23 Machi

Mwanangu Bi Kimya,

Natumaini hamjambo wote wawili. Huku hatujambo.

Nilingoja barua yako wiki iliyopita, nikapita kaunta ya vifurushi mara mbili. Yule kijana wa pale sasa akiniona kwa mbali anatikisa kichwa, ananipunguzia hatua.

Kaka yangu alipiga simu jana. Nimemwambia sawa. Anakuja tarehe sita na gari kubeba vitu. Viti viwili vya kuoshea nimeviuza kwa yule mteja anayependa habari za ugomvi, anafungua saluni yake mwenyewe, kumbe alikuwa anakuja kujifunza. Kimoja nimekiacha, sijui nitakifanyia nini nyumbani kwa watu.

Usijilaumu mpaka ukaugua. Sikuandika ili nikutishe. Nilitaka tu ujue tarehe, usije ukatuma barua ikakuta mlango umefungwa. Mapacha wanasemekana ni wazuri, mmoja ana nywele na mwingine hana kabisa. Angalau nitakuwa na kazi nusu.

Mama yako mdogo


31 Machi

Kwako Mama Mdogo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima na ikukute hapo. Naituma kwa basi la leo mchana, ili itangulie.

Nimemwambia.

Barua yako ya tarehe ishirini na tatu nilikaa nayo siku tano. Juzi asubuhi mama alikuwa amesimama mezani, anachora kola kwa chaki, mgongo kwangu kama kawaida. Nilikuwa nimeshavaa viatu vya kwenda kazini. Nikaona nikisubiri ageuke nitaitikia jambo jingine, basi nikauambia mgongo. Nilisema, "Mama, dalali alikuja siku uliyokwenda kununua zipu. Mimi ndiye niliyemwambia tunahama. Mama Mdogo hakusema kitu." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Mtu aliyekuwa anapita nje aligeuka.

Mama hakugeuka. Alimaliza mstari wa chaki mpaka mwisho, akaiweka chaki chini.

Akasema, "Najua."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaniambia siku ya kupakia vitu, mimi nikiwa juu ya lori napokea magodoro, dalali alikuja kuchukua ufunguo. Akamsifu kwamba ana binti mstaarabu, hata alisaidia kupima chumba. Mama anasema alisimama na ule ufunguo mkononi kama mtu aliyeshika kaa la moto. Mlango wako ulikuwa wazi, Mama Mdogo. Anasema alikuona unafagia nywele, na ulikuwa umeupa ua mgongo makusudi.

Nikamuuliza kwa nini hakuvuka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumuuliza mama kitu kwa namna hiyo, nikangoja anigombeze. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti cha cherehani akakunja ile kola mpaka ikawa ndogo kama kidole. Akasema, "Nilimtukana mbele ya watu watatu. Ningeenda kumwomba radhi peke yetu, mimi na yeye? Wale watatu ningewatoa wapi? Dereva alikuwa anapiga honi. Nikapanda."

Kisha akasema alidhani utapiga simu. Alifuta namba yako siku ya notisi, lakini anaijua kwa kichwa, kwa hiyo kila simu ikilia na namba isiyo na jina anaitazama kwanza. Akasema hakuniambia kwamba anajua, kwa sababu angeniambia ningemuuliza hilo nililomuuliza.

Miezi mitatu tumekaa vyumba viwili vinavyopakana, kila mmoja na kitu kilekile. Mimi nikimwogopa yeye, naye akiniogopa mimi. Nilimwambia hivyo. Akacheka kidogo, halafu akalia sana, nami sikujua mtu anafanyaje mama yake akilia, nikashika bega lake tu mpaka nikachelewa kazini.

Ndipo nikamweleza kuhusu kaka yako na tarehe sita. Aliuliza nimejuaje, nikasema nimesikia kwa abiria kituoni. Nisamehe, huo ni uongo mwingine, lakini nilikuwa nimeishiwa nguvu ya kweli kwa siku moja. Aliosha uso, akaenda kwa mwenye nyumba, akarudi na ufunguo wa fremu ya pembeni. Ameilipia mwezi mmoja kwa jina lako. Hajui kama utakubali. Kola zote amemrudishia yule mfanyabiashara, zilizokwisha na zisizokwisha.

Anapanda basi Alhamisi asubuhi. Atafika kwako Ijumaa. Amenituma nimtafutie majina ya wale wateja watatu, kama nawakumbuka. Nawakumbuka wawili, yule mwalimu na yule wa duka la viatu. Anasema atapita kwanza kwao, mmoja mmoja, awaombe waje naye saluni, aseme mbele yao hilo analotaka kusema. Yule wa tatu nadhani ndiye aliyenunua viti vyako, kwa hiyo huyo hatakuwa na shida ya kuja.

Sasa nina ombi, ni gumu. Mama alinishika mkono jana akaniambia hivi: "Ukikutana naye, usimwambie kwamba nilijua tangu kwenye lori. Mwache aamini nimejua wiki hii. La kumtukana ataweza kulisamehe. La kujua nikapanda, sijui." Nikaitikia. Kichwa changu kimeitikia, unakijua.

Na mimi nakuambia, kwa sababu umeshabeba vya kwetu vya kutosha bila kuvijua. Sitaki umfungulie mlango kwa kudanganywa. Ukisoma hapa ukaona huwezi, nenda kwa kaka yako, nami nitampokea mama kituoni na sitakulaumu hata siku moja. Ni haki yako. Lakini ukiona unaweza, atakapofika Ijumaa na watu wake watatu, akasema alijua Jumapili hii, mwache aseme. Mshangae kidogo. Muulize, "Umejua lini?" kama mtu asiyejua, ajibu alivyopanga kujibu. Usimwambie kwamba nimekuambia, wala leo, wala tukiwa wazee. Barua hizi zitoe kwenye kopo la vibanio kabla hajaingia, uzichome, na uanze na hii.

Mwanao,
Bi Kimya